Vyuma vilivyotoka kwenye shimo Urambo: jembe la kale, mradi wa karanga au reli?

#1 Tumbaku_Kavu
Habari za leo, wakuu. Naomba msaada wa kutambua vyuma. Tunachimba shimo la choo nje kidogo ya mji wa Urambo, mkoani Tabora, kwenye kiwanja kilichokuwa shamba la tumbaku na ambacho zamani zaidi, kwa maelezo ya majirani, kilikuwa pori. Tulipofika kina cha kiuno cha mtu mzima sururu iligonga chuma, na tulipoendelea taratibu kwa sepetu tukatoa vitu vilivyokuwa vimelundikana mahali pamoja.

Nimevipa herufi ili tusichanganye. A ni bapa jembamba lenye umbo la jani, upana sentimita 21 mahali palipo papana zaidi, nalo lina mkia mrefu wa pembe nne unaochongoka kuelekea mwisho. Halina tundu lolote. B ni bapa nene, milimita 14 upande ulio salama, lililopinda kidogo. Ukingo wake mmoja umelika hadi kuwa mkali, na pale lilipovunjika limebaki nusu tundu pamoja na kipande cha bolti kilichoganda kwa kutu. C ni pini nene yenye urefu wa shubiri, na kichwa chake kimejitokeza upande mmoja tu. D ni mabonge meusi, mazito, yenye vishimo vya hewa na sehemu zenye ung'avu wa kioo, na pamoja nayo kulikuwa na kipande cha bomba la udongo uliochomwa.

Mchimbaji wetu anasema vyote ni vya Wajerumani. Baba mkwe wangu anasema A ni jembe la enzi za mtemi Mirambo. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshapita na mizani yake, nami nimemwambia asubiri. Je, hivi ni vitu gani, na vinaweza kuwa vya wakati mmoja?

#2 Nyundo_Moja
B ni la mradi wa karanga wa Waingereza, na sioni cha kujadili hapo. Mradi ule ulikuwa na maeneo matatu, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukaanza kufyeka mapori mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Waliacha vyuma kila walipopita.

#3 Mwana_wa_Usoke
Nijibu kuhusu A, kwa sababu nyumbani kwetu lilikuwepo moja la namna hiyo. Jembe la kiwandani tulilolizoea lina tundu la duara ambamo mpini hupita, ilhali jembe la wahunzi wetu lilikuwa na mkia. Mpini wake ulichongwa ukiwa na kichwa kinene, kichwa hicho kikatobolewa kwa chuma cha moto, kisha mkia ukapigiliwa ndani mpaka ncha yake itokeze upande wa pili. Kadiri mtu alivyolima ndivyo jembe lilivyozidi kukaza, na hapakuhitajika kabari. Bapa lenye umbo la jani, lisilo na tundu, lenye mkia wa pembe nne: mimi nalitambua bila shaka yoyote.

Majembe hayo mengi hayakufuliwa Urambo. Yaliletwa kutoka Usumbwa na Uzinza, kaskazini, ambako wahunzi walikuwa wengi, yakauzwa hadi soko la Tabora. Yalitolewa mahari, na wapagazi wa Kinyamwezi waliyabeba kuelekea pwani wakilipia hongo, yaani ushuru wa kupita, njiani, hasa Ugogo. Baba mkwe wako amesema jambo lenye msingi, ingawa Mirambo alifariki mwaka 1884 na majembe ya aina hiyo yaliendelea kutumika miaka mingi baada yake.

#4 Mgogo_wa_Kongwa
Mtani wangu hapo juu anakumbuka hongo mpaka leo. Majembe yenyewe tuliyapokea na tukayalimia vizuri, kwa hiyo mlipe tu yaliyobaki.

#5 Relini_Daima
Tusisahau C. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwezi Februari 1914, na Urambo ipo katikati ya vituo hivyo viwili. Pini yenye kichwa kilichojitokeza upande mmoja ni msumari wa reli, kwa kuwa ule upande uliojitokeza ndio unaokandamiza kitako cha reli. Mchimbaji wako hakukosea aliposema ni ya Wajerumani.

#6 Fundi_Mataruma
Ndugu Relini, umbo umelieleza sawasawa, ila historia inahitaji kurekebishwa. Reli ya Kati ya Wajerumani ililazwa juu ya mataruma (vilalio vya reli) ya chuma cha pua, kwa sababu mchwa wa nchi hii haumsamehi mtu anayelaza mbao ardhini. Kwenye taruma la chuma hupigilii msumari, kwa maana hapana kitu cha kuushika. Reli hushikwa na vibano vinavyokazwa kwa bolti na nati. Mataruma hayo bado yanaonekana sehemu nyingi, yamekunjwa kingo, na mengine yana chapa ya kiwanda na mwaka. Msumari wa kupigilia ni wa mataruma ya mbao. Kwa hiyo, kama C ni msumari wa reli, aeleze kwanza ulikuwa umepigiliwa kwenye nini.

#7 Relini_Daima
Ahsante, Fundi. Hata hivyo kwenye madaraja na kwenye njia panda za reli mbao zilitumika, kwa sababu taruma la chuma la kawaida halifai mahali ambapo reli zinagawanyika na urefu wa mataruma unabadilika. Pia kuna tawi la kutoka Kaliua kwenda Mpanda lililojengwa na Waingereza baadaye, na Kaliua haiko mbali na Urambo. Msumari mmoja kusafiri kilomita chache mfukoni mwa mtu si ajabu.

#8 Fundi_Mataruma
Hoja ya madaraja naipokea. Ya mfukoni siipokei, maana kwa hoja hiyo hata nanga ya meli inaweza kufika Urambo.

#9 Mgogo_wa_Kongwa
Nanga sina hakika, ila minyororo ya nanga ilifika! Katika mradi wa karanga walifunga mnyororo mzito wa meli kati ya matrekta mawili ya nyororo, yakaenda sambamba na kung'oa miti iliyokuwa katikati. Wazee wa Kongwa waliokuwa vibarua huko walisimulia jambo hilo sana.

Sasa niseme ninachokifahamu. Udongo wa Kongwa una chembechembe kali za mchanga mgumu, na wakati wa kiangazi unakauka ukawa mgumu kama saruji, hivyo majembe ya plau yalilika kwa kasi ambayo waliopanga mradi hawakuitarajia. Walikisia kulima zaidi ya ekari milioni 3, na hata sehemu ndogo ya hiyo hawakuifikisha. Vipande vilivyolika upande mmoja, kama unavyoeleza B, vimezagaa kwetu. Watu huvifanya vizuizi vya milango na vyuma vya kunolea. Hata hivyo nina shaka moja: milimita 14 ni unene mkubwa mno kwa jembe la plau. Mimi ningefikiria ukingo wa kukatia wa blade ya tingatinga, ile sehemu ya chini inayofungwa kwa bolti ili ikilika ibadilishwe bila kutupa blade nzima.

#10 Jiriwa
Huyu wa Kongwa amegusa penye jibu. Ndugu Tumbaku_Kavu, tafadhali tazama nusu tundu kwenye B. Bolti za plau na bolti za ukingo wa blade zina shingo ya mraba chini ya kichwa ili zisizunguke unapokaza nati, na kichwa chake huzama kikalingana na uso wa chuma ili udongo usikikwaruze. Tundu lake kwa hiyo ni la mraba, tena limepanuliwa upande wa mbele. Ukiona pembe ya mraba, ujue B lilifungwa kwenye kitu cha kuparua ardhi. Ukiona duara safi, tuanze kufikiri upya. Vilevile nipatie kipimo cha bolti, yaani kipenyo chake na idadi ya meno ya thredi katika milimita 25.4.

#11 Chakavu_Mwaminifu
Mimi ni mnunuzi wa vyuma, si yule aliyepita kwako. Ushauri wangu wa bure: A ni jepesi, halitakupa hata pesa ya soda, libaki nalo. Na mtu yeyote anayesoma hapa asijaribu kuuza mataruma, vibano wala kipande cha reli. Ni mali ya shirika la reli, na mnunuzi hukamatwa pamoja na muuzaji.

#12 Tumbaku_Kavu
Nashukuru kwa majibu. Nimelowesha kipande cha bolti kwa mafuta ya taa na kusugua kwa brashi ya nyuzi za plastiki. Kipenyo ni pungufu kidogo ya milimita 16, na meno ni 11 katika kipimo ulichotaja. Nusu tundu lina upande mmoja ulionyooka, lakini pembe imelika na kutu, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa lilikuwa mraba. A nimelipima kwa venia sehemu mbalimbali, na unene wake unabadilika kutoka milimita 4 hadi 7 bila mpangilio. Karibu na mkia kuna mstari unaofanana na mkunjo, mahali ambapo tabaka mbili za chuma zimeungana bila kushikamana kabisa.

#13 Jiriwa
Vipimo hivi vina maana kubwa. Bolti ya kimetriki ya milimita 16 ina hatua (umbali kutoka jino hadi jino) ya milimita 2, ambayo ingekupa takriban meno 12.7 katika inchi moja. Wewe una 11 kamili, na kipenyo ni pungufu ya 16. Hiyo ni bolti ya inchi tano ya nane (5/8). Mjerumani tumtoe kwenye orodha ya B.

#14 Fundi_Mataruma
Usimtoe haraka hivyo, Jiriwa. Thredi ya Whitworth ya Kiingereza ilitumika hata katika viwanda vya Ujerumani kwa miongo mingi, na wakati reli hii inajengwa ilikuwa bado ya kawaida huko. Bolti ya inchi kwenye kitu cha Kijerumani cha mwaka 1912 si kioja.

#15 Jiriwa
Hilo ni kweli, na linaleta ugumu zaidi. Whitworth ya tano ya nane ina meno 11. Thredi ya Kimarekani ya tano ya nane nayo ina meno 11. Zinatofautiana kwenye pembe ya jino: ya Kiingereza ni nyuzi 55 na kilele chake ni cha mviringo, ya Kimarekani ni nyuzi 60 na kilele chake ni bapa. Kama ingekuwa bolti ya nusu inchi tungejua papo hapo, kwa sababu hapo Mwingereza ana meno 12 na Mmarekani 13. Bahati mbaya umepata saizi ambayo nati za pande zote mbili huingiliana, zikiwa na mchezo kidogo tu.

Matrekta mengi ya mradi wa karanga yalikuwa ya Kimarekani, yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya vita vya pili kule Ufilipino. Pia kulikuwa na yale yaliyoitwa Shervick, ambayo kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza iliyatengeneza kwa kubadilisha vifaru vya Sherman vya Marekani. Katika mashine ya namna hiyo unaweza kukuta bolti za nchi zote mbili kwenye kipande kimoja, kwa hiyo hata tukiipata pembe ya jino bado wapo watakaobisha.

#16 Nyundo_Moja
Hata hivyo njia zote zinaelekea kwenye karanga.

#17 Mfipa_wa_Nkansi
Nimesubiri nione kama kuna atakayeshughulikia D, naona kila mtu anakimbilia bolti. Mabonge meusi yenye vishimo vya hewa ni mavi ya chuma, yaani taka za tanuri la chuma, na kipande cha bomba la udongo ni bomba la kupitishia upepo wa mivukuto kuingia tanurini. Tazama mdomo wa bomba hilo. Kama umeyeyuka na kupakwa utando mweusi au wa kijani iliyokoza, basi ulikuwa ndani ya moto mkali, nayo ni alama ambayo haitokani na jiko la kupikia.

Kwetu Ufipa matanuri ya kuyeyushia mawe ya chuma, yaani malungu, yalikuwa marefu kupita mtu na mengine bado yamesimama maporini. Kuna mabomba mengi yaliyovunjika kuzunguka chini yake, na mavi ya chuma yamelundikana. Hoja yangu ni kwamba Waafrika wa eneo hili hawakungoja meli ya mtu ili wapate chuma. Kule Katuruka, Buhaya, wanaakiolojia walichimba matanuri yenye umri wa takriban miaka 2,000. Kwa hiyo A na D kwa maoni yangu ni vya familia moja: jembe limefuliwa hapo hapo, kutokana na chuma kilichoyeyushwa jirani. B na C ni wageni waliodondokea juu.

#18 Mwana_wa_Usoke
Mzee wa Nkansi, jembe ni lile lile ninalolisema, lakini kuyeyushwa hapo hapo sikubali. Nimeeleza kwamba yaliletwa kutoka Usumbwa.

#19 Mjukuu_wa_Mhunzi
Salamu kwenu. Babu yangu alikuwa mhunzi upande wa Sikonge, nami nilivuta mivukuto yake nikiwa mdogo, kwa hiyo naomba niingize maelezo mengine. Babu hakuwahi kuyeyusha jiwe hata moja. Chuma chake kilikuwa cha kuokota na kununua: springi za malori, vipande vya plau, mapipa, pini za trekta, na ndiyo, misumari ya reli, ambayo aliipenda kwa sababu ukiipasha moto na kuibapaza unapata kisu cha kuchunia ngozi bila kazi kubwa. Alikuwa na shimo pembeni ya kiwanda chake ambamo alitupa vyuma vya akiba na takataka za moto kwa pamoja.

Sasa soma tena orodha ya mwenye uzi. Bapa nene lililovunjika, pini, jembe lenye mkia na mavi ya chuma, vyote mahali pamoja. Mimi naona akiba ya mhunzi. A linaweza kuwa jembe la mkia lililofuliwa mwaka 1955 kutoka kwenye bapa la mradi wa karanga, kwa sababu wateja wazee walikuwa wakilitaka jembe la umbo walilolizoea. Unene usiolingana na ule mkunjo karibu na mkia ni kazi ya nyundo tu. Havituambii chuma chenyewe kilitoka wapi.

#20 Mfipa_wa_Nkansi
Kijana, hoja nzuri, lakini mhunzi wa vyuma chakavu anapata wapi mavi ya chuma? Mavi hutoka wakati wa kuyeyusha jiwe.

#21 Mjukuu_wa_Mhunzi
Shikamoo, mzee. Hutoka pia wakati wa kufua. Chuma kinapopashwa moto sana ngozi yake ya nje huungua, ikachanganyika na majivu na udongo wa tanuri, kisha ikaganda chini ya moto kwa umbo la kibakuli. Babu aliyatoa mabonge hayo kila asubuhi kabla ya kuwasha. Tofauti ni wingi na umbo: ya kufua ni machache na yana mgongo wa mviringo chini, wakati yale ya kuyeyusha hupatikana kwa malundo na mengi yana alama za kutiririka. Bomba la udongo nalo tulikuwa nalo, maana mdomo wa mivukuto ya ngozi ungeungua kama ungeingizwa motoni wenyewe.

#22 Kinoo
Mnajadili sana kitu kinachoweza kupimwa kwa dakika moja. Gusisha ukingo wa A kwenye mashine ya kunolea mahali penye giza na utazame cheche. Chuma laini cha zamani, kilichofuliwa bila kaboni nyingi, hutoa mistari mirefu isiyopasuka sana. Chuma cha pua cha kiwandani chenye kaboni hutoa cheche zinazopasuka na kugawanyika matawi. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu zilizofifia. Jaribu A, B na C, kisha linganisha. Kama A na B zitatoa cheche zinazofanana, Mjukuu ameshinda.

#23 Mwalimu_Zamani
Nasihi kwa nguvu zote: asilisogeze A kwenye mashine yoyote. Kwa B na C, ambavyo hakuna anayebisha kuwa vilitoka kiwandani, afanye apendavyo. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa mali ya kale inayolindwa, na A, kwa maelezo ya Mwana_wa_Usoke, linaweza kuangukia huko. Akitaka uhakika, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna wanaakiolojia wanaofahamu chuma. Hukata kipande kidogo sana, wakakisugua hadi king'ae na kukitazama kwa hadubini. Chuma cha tanuri la kienyeji huonyesha vijinyuzi vya mavi vilivyobaki ndani, na bapa la trekta halina vijinyuzi hivyo.

Niongeze tahadhari ambayo wengi huisahau. Hata chuma cha kufuliwa kilichotengenezwa Ulaya katika karne ya 19, kabla chuma cha pua hakijawa rahisi, kilikuwa na vijinyuzi vya mavi. Kipimo cha hadubini kinaweza kulitenganisha A na mradi wa karanga, lakini kulitenganisha na chuma kilichokuja na misafara kutoka pwani ni kazi ngumu zaidi.

#24 Kinoo
Mwalimu, 1863 ni kabla hata Mirambo hajawa mtu wa kutajwa. Jembe gani linakaa ardhini muda huo kwenye mvua za Tabora na bado lina milimita 7?

#25 Mwalimu_Zamani
Inategemea udongo. Chuma kikizungukwa na majivu huoza polepole kuliko kikiwa kwenye udongo mtupu wenye asidi, kwa sababu majivu hupunguza ukali wa udongo. Huyu bwana ametueleza kwamba limetoka pamoja na mabaki ya moto.

#26 Askari_Mstaafu
Ndugu zangu, naomba mnisikilize kwa jambo la usalama kabla shimo halijaendelea. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalishuka Kigoma, yakaifuata reli kuelekea mashariki, na kukawa na mapigano makali upande wa Usoke mwanzoni mwa mwezi Septemba, kabla hawajaingia Tabora tarehe 19 mwezi huo. Usoke ni jirani ya Urambo. Wachimbaji wakikuta chuma cha umbo la chupa, chenye ncha upande mmoja na pete ya shaba karibu na kitako, wasikigonge, wasikisugue na wasikipime kwa mizani ya skrepa. Watoke shimoni na kutoa taarifa polisi. Kombora lisilolipuka halizeeki kwa namna inayoliondolea madhara.

Na kuhusu C: Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma waliharibu madaraja ya reli. Fundi_Mataruma ameshakiri kwamba kwenye madaraja kulikuwa na mbao. Misumari iliyobaki baada ya daraja kuvunjwa iliokotwa na nani, kama si mhunzi wa kijiji?

#27 Fundi_Mataruma
Nilikiri mbao, sikukiri msumari. Mwenye uzi apime shina la C. Msumari wa kupigilia kwenye mbao kwa kawaida una shina la mraba na ncha iliyochongwa kama patasi ili ikate nyuzi za mbao bila kuzipasua. Likiwa duara kuanzia juu mpaka chini, tutafute kwingine. Pini ya nyororo ya katapila ni duara, ila haina kichwa cha upande mmoja. Pini ya kuungia tela wakati mwingine inacho, kwa ajili ya kuzuia isizunguke.

#28 Tumbaku_Kavu
Ahsanteni sana, na ahsante zaidi kwa Mzee Askari, wachimbaji nimewaeleza na shimo limesimama kwa sasa.

Majibu: shina la C ni la mraba nusu ya juu, lakini nusu ya chini limepigwa nyundo na kubapazwa, kwa hiyo ncha ya asili haipo. Mabonge ya D ni machache, yanajaa karai moja tu, na makubwa mawili yana mgongo wa mviringo. Mdomo wa bomba umeyeyuka na una utando mweusi. Cheche nimejaribu kwa B na C peke yake. B limetoa cheche zinazopasuka sana, C imetoa cheche za kupasuka kidogo. A sijaligusa.

Nimechunguza pia ukuta wa shimo. Chini ya mahali vilipotoka vyuma kuna tabaka la udongo mwekundu ulioungua, nene kama kiganja, na juu yake majivu na makaa. Mchimbaji mmoja anasema A lilikuwa ndani ya majivu na B lilikuwa juu yake. Mwenzake anasema vilikuwa vimelaliana.

#29 Mjukuu_wa_Mhunzi
C imebapazwa nusu, nusu imebaki na umbo lake la zamani. Hiyo ni kazi iliyoachwa katikati na mtu aliyekuwa na nyundo na fuawe, na mabonge yenye mgongo wa mviringo ni ya kufua. Udongo ulioungua ni tanuri lake.

#30 Mfipa_wa_Nkansi
Ni kazi ya nyundo, nakubali, lakini anayesema B lilikuwa juu ya majivu ameeleza jambo ambalo hulijibu. Kama moto ulizimika kabla B halijafika, basi aliyefua A si aliyeokota B. Mahali pazuri pa kufulia hutumiwa na mhunzi, na mwanawe, na mjukuu wake.

#31 Mwana_wa_Usoke
Au A lilikuja tayari kutoka Usumbwa, likalimiwa hadi likachoka, likapelekwa hapo kwa mhunzi likatengenezwe mkia. Majembe yaliyochakaa hayakutupwa. Ndugu, tupimie urefu wa bapa kutoka kwenye bega mpaka ncha. Jembe jipya la Usumbwa ni refu kuliko upana wake. Likiwa limelika, upana unaweza kubaki huku urefu ukipungua.

#32 Tumbaku_Kavu
Urefu kutoka bega mpaka ncha ni sentimita 17, na ncha imelika zaidi upande wa kushoto.

#33 Mwana_wa_Usoke
Basi limelimiwa sana, na aliyelilimia alivuta akiegemea upande mmoja. Hilo la kuwa lilikuwa likitumika kabla ya kufika hapo nadhani sasa haliwezi kubishaniwa.

#34 Jiriwa
Litabishaniwa. Jembe lililofuliwa mwaka 1955 kutoka kwenye bapa la tingatinga nalo lingelimiwa na kulika. Nakuomba uangalie mkia kwa kioo cha kukuzia, hasa pale kwenye mkunjo. Kama tabaka mbili ni za chuma chenye rangi moja na kutu ya aina moja, ni kipande kimoja kilichokunjwa. Kama tabaka la ndani limeoza tofauti na la nje, mkia umeungwa baadaye kwa chuma kingine, na hapo tutakuwa na vyuma viwili vya kujadili badala ya kimoja.

#35 Mgogo_wa_Kongwa
Na wakati akiangalia, mnunuzi wa skrepa aambiwe asiendelee kusubiri. B lipigwe picha upande wa nyuma, kwa sababu vipuri vya matrekta mara nyingi vilikuwa na namba ya kipuri iliyopigwa mhuri mahali pasipoguswa na udongo. Hata tarakimu mbili zikisomeka nitazilinganisha na vipande vilivyopo hapa Kongwa.